Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Kwao Fahrelnissa ni Wapi?

Katika mwezi wa Juni mwaka 2017, jumba la sanaa la Tate Modern mjini London lilifungua maonyesho makubwa ya picha za bibi mmoja wa Kituruki, hayati Fahrelnissa Zeid, aliyefariki dunia mwaka 1991. Maonyesho hayo yalikaa London hadi Oktoba, yakapelekwa Berlin, kisha yakafika Beirut katika jumba la Sursock. Waliokwenda kuyatazama walizungumza kana kwamba bibi huyo amegunduliwa siku hiyo. Kumbe picha zake zilikwisha kutundikwa katika mji huo huo mwaka 1948, na aliyehudhuria ufunguzi wake alikuwa Malkia Elizabeth, mkewe Mfalme George wa Sita!

Hapa pana swali la kujiuliza. Mtu aliyepata kutazamwa na malkia husahauliwaje hata akahitaji kugunduliwa upya? Nasi tukilijibu swali hilo, huenda tukajua kama safari hii amekumbukwa kweli, au anapambwa tu ili asahauliwe mara ya pili.

Jina lake ni la Kiarabu, na Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa: maana yake ni fahari ya wanawake. Alizaliwa mwaka 1901 katika kisiwa cha Büyükada, karibu na Istanbul, wakati Sultani wa Uthmaniya angali juu ya kiti chake. Babake, Şakir Pasha, alikuwa jemadari na balozi. Ammi yake, Cevat Pasha, alipata kuwa waziri mkuu wa Sultani. Ilikuwa nyumba ya elimu na lugha nyingi, lakini msiba haubishi hodi. Fahrelnissa angali msichana mdogo, babake aliuawa kwa risasi, na aliyehukumiwa kwa mauaji hayo ni kaka yake mwenyewe, Cevat Şakir. Kaka huyo baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa Uturuki, akajulikana kwa lakabu ya Mvuvi wa Halicarnassus. Dada yao Aliye Berger alisifika kwa picha za kuchapa, na Füreya Koral, binti ya dada yao mwingine, akasifika kwa ufinyanzi.

Fahrelnissa aliingia chuo cha sanaa cha wanawake mjini Istanbul mwaka 1919, na mwaka 1928 akasoma Paris. Ndoa yake ya kwanza, na mwandishi İzzet Melih Devrim, ilimpa watoto watatu. Mkubwa wao alikufa angali mdogo, na huzuni ile haikumtoka. Ndoa ikavunjika, na mwaka 1934 akaolewa na Amir Zeid wa Iraq.

Mwenye kuijua tarikhi ya Waarabu atashtuka kidogo hapa. Amir Zeid alikuwa mwana wa Sharif Hussein wa Makka, yule aliyeinua bendera ya uasi dhidi ya Waturuki mwaka 1916, na Zeid mwenyewe, angali kijana, alipigana katika vita vile. Basi binti ya pasha wa Uthmaniya akaolewa na mwana wa aliyeiasi Uthmaniya! Tangu siku hiyo Fahrelnissa hakuwa wa nchi moja tena. Kwa Waturuki alikuwa mke wa Mwarabu, kwa Waarabu alikuwa Mturuki, na kwa Wazungu alikuwa mke wa balozi, kwani Amir Zeid aliiwakilisha Iraq mjini Berlin, na tangu mwaka 1946 mjini London.

PICHA ZENYEWE

Hayo yote ni nasaba na safari. Je, kazi yake?

Kwanza alichora watu na vyumba. Mwaka 1943 alichora picha aliyoiita Abiria wa Daraja la Tatu, na ajabu ni kwamba mke wa amiri, ambaye hakupata kusafiri hivyo, alitua macho yake juu ya wasafiri wanyonge. Mwaka 1945 alifanya maonyesho yake ya kwanza, tena nyumbani kwake Istanbul, mtaa wa Maçka: aliondoa samani akatundika picha.

Baada ya kuhamia London, sura za watu zilianza kuvunjika katika picha zake. Mwaka 1947 alichora picha aliyoipa jina la vita dhidi ya uchoraji usioiga umbo la kitu, na vita hivyo yeye mwenyewe alishindwa, kwa bahati njema yetu. Zikaja picha kubwa mno, zilizojaa vipande vidogo vidogo vya rangi vilivyozungushiwa mistari myeusi, kama kioo kilichopasuka ambacho kila kipande chake kimekataa kuanguka. Kubwa miongoni mwazo ni ile ya mwaka 1951 iitwayo Jahanamu Yangu, iliyo katika jumba la Istanbul Modern. Upana wake wapita mita tano. Manjano, nyekundu na nyeusi zasukumana humo, na mtazamaji hapati mahali pa kupumzisha jicho. Mwenye kusema kwamba hiyo ni kazi ya bibi tajiri aliyekuwa akipoteza wakati, na asimame mbele yake kwa dakika kumi.

Mwaka 1954 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake katika taasisi ya sanaa za kisasa ya London, ile iitwayo ICA.

Kisha dunia ikapinduka. Tarehe 14 Julai 1958 wanajeshi wa Baghdad waliipindua serikali ya kifalme, wakamwua Mfalme Faisal wa Pili, kijana wa miaka 23, pamoja na jamaa zake. Amir Zeid na mkewe walinusurika kwa sababu walikuwa mapumzikoni katika kisiwa cha Ischia, Italia. Walipewa saa 24 kuondoka katika nyumba ya ubalozi. Fahrelnissa, mwenye umri wa miaka 57, akaingia jikoni kupika kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na hata huko jikoni sanaa ilimfuata: mifupa ya kuku aliyompika aliisafisha, akaipaka rangi, na baadaye akaigandisha ndani ya utomvu mgumu uangazao kama kioo. Aliyepoteza jumba akatengeneza johari kutokana na mabaki ya chakula.

KWA NINI ALISAHAULIWA?

Sababu naona ni tatu, na zote zingali hai.

Ya kwanza ni cheo. Waliomwona walimwona amira kabla ya kumwona mchoraji. Umaskini wa msanii husamehewa, pengine husifiwa. Lakini utajiri wake humtia katika shaka, hasa akiwa mwanamke. Ikadhaniwa kwamba brashi ilikuwa pambo lake kama mkufu.

Ya pili ni asili. Kila alipochora vipande vya rangi, Wazungu walisema hiyo ni Mashariki: nakshi za misikiti, zulia, vigae vya Bizanti. Mchoraji wa Paris akifanya vivyo hivyo husemwa kwamba amewaza. Huyu ilisemwa kwamba amerithi! Mtu apewaye sifa ya babu zake kwa jasho lake mwenyewe amedhulumiwa, japo kwa maneno matamu.

Ya tatu ni kutokuwa na kwao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nchi huwatunza wasanii wake kwa majumba, vitabu na masomo ya shule. Lakini Fahrelnissa alicheza Istanbul, Berlin, Baghdad, London na Paris, na kila mji ulidhani mwingine ndio utakaomtunza.

Na sasa? Soko limemwona. Mwaka 2013, huko Dubai, picha yake ya mwaka 1962 juu ya kupasuka kwa atomu na uhai wa mimea iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.7. Televisheni nayo imemwona. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilianza kuonyeshwa Uturuki hadithi ya mfululizo juu ya jamaa ya Şakir Pasha, ambayo jina lake lataja miujiza na kashfa. Simlaumu mfanyabiashara wala mtengenezaji wa michezo, kila mmoja na riziki yake. Ila tuelewe kwamba bei hutufundisha thamani ya fedha, na kashfa hutufundisha risasi iliyolia shambani. Hakuna moja kati ya hizo itufundishayo kuitazama Jahanamu Yangu.

Jibu la swali letu, kwa maoni yangu, liko Amman. Baada ya Amir Zeid kufa mwaka 1970, mjane huyo alihamia Jordan mwaka 1975, karibu na mwanawe Raad. Alikuwa amepita miaka 70, umri ambao wengi huomba kiti na kivuli. Yeye aliigeuza nyumba yake kuwa chuo, mwaka 1976, akawakusanya wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kushika brashi, akawafundisha mpaka karibu na kufa kwake. Hakuwafundisha kuchora kama yeye, bali kutoogopa rangi.

Mmoja wa wanafunzi hao, Adila Laïdi-Hanieh, ndiye aliyetoa mwaka 2017 kitabu cha maisha ya mwalimu wake, na humo akazipinga zile hadithi za zulia na Bizanti, akatuita tuirudie kazi yenyewe. Majumba makubwa yalichelewa, nchi zilitegeana, lakini mwanafunzi hakumwacha. Basi atakayeuliza kwao Fahrelnissa ni wapi, na aelekezwe kwenye kile chumba cha Amman chenye harufu ya rangi. Huko ndiko alikotunzwa.