Kidole Chako Ni Sahihi Yako



Mwenzetu mmoja wa Mwiki alijikata mkono, akaenda kutibiwa katika hospitali ambayo hatutaitaja. Alifungwa kidonda, akapewa vidonge, akarudi nyumbani kwa treni ya jioni. Kabla hajatoka, karani alimwambia atie kidole katika mashine mara ya pili: "Ni kawaida tu, mzee." Baadaye aligundua kwamba imeandikwa alilazwa siku tatu!

Jambo hili si dogo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966, mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Apataye shilingi 20,000 hukatwa 550, yaani 6,600 kwa mwaka. Fedha hizo ni jasho letu, tumeliweka pamoja ili mgonjwa asiuze ng'ombe wake. Aandikaye siku tatu za uongo humwibia mgonjwa wa kweli.

Sheria ipo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 yasema kwamba kutoa maelezo ya uongo kwa kujua ni hatia. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, yaweza kumfunga miaka mitatu apataye mali kwa udanganyifu.

Wengine watasema, "Hayo ni ya wenye hospitali." La! Kidole ni chako. Siku ya kuulizwa, karani atasema mgonjwa mwenyewe alikubali. Vilevile anayemwandikisha mtoto wa jirani kuwa mwanawe, hata kwa huruma, amesema uongo.

Nayo Serikali tuna neno nayo. Mwaka 2025 Waziri wa Afya, Bwana Aden Duale, alisimamisha vituo kadhaa kwa sababu ya madai ya uongo. Vyema. Lakini kituo kikifungwa, mgonjwa ndiye atembeaye mbali. Twataka wenye kula fedha hizo wasimame kizimbani, wasiachiwe karani na mgonjwa peke yao. Naye aliyekosea kwa kutojua asihesabiwe kuwa mwongo.

Basi, ndugu, uliza kwanza kidole chako kinashuhudia nini. Ikiwa si kweli, kataa, kisha mpashe habari katibu wa tawi. Mwenzetu amekwisha kuandika barua yake ya malalamiko, na Chama kitasimama naye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Umoja ni nguvu.