HERUFI ZA HATI YA MSHAHARA

Kila mwisho wa mwezi wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, pamoja na wenzao wa viwandani Mgololo na Mbeya, hupokea hati ya mshahara, ile ambayo wenyewe huiita salari slipu. Macho ya wengi hushuka upesi hadi mstari wa chini, penye fedha za kupeleka nyumbani. Twaelewa sababu. Hata hivyo, sheria ya ajira ya mwaka 2004 haikumtaka mwajiri atoe maelezo ya malipo kwa maandishi ili karatasi ikafungie chumvi.

Wako wanaodhani makato yote ni kodi. Sivyo. PAYE ndiyo kodi ya mapato. NSSF ni mchango wa Hifadhi ya Jamii, nao hubaki mali ya mfanyakazi. Tumchukue mwenye mshahara wa shilingi 300,000 asiye na posho. Mchango wake wa asilimia 10 ni shilingi 30,000, nao huondolewa kabla ya kodi kupigwa. Zabaki 270,000, na hapo kodi haijaanza. Akikuta amekatwa PAYE ya shilingi 2,400, basi karani ametoza asilimia 8 juu ya zile 30,000 ambazo alipaswa kuzitoa kwanza. Makosa ya namna hii husahihishwa mtu akiuliza.

Mwajiri naye huongeza sehemu yake, jumla iwe asilimia 20, wala haruhusiwi kumtwika mfanyakazi zaidi ya nusu. WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hulipwa na mwajiri peke yake. Herufi hizo zikionekana katika safu ya makato, pana jambo. Walimu na watumishi wengine wa umma wataona PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018.

Lakini neno zito ni hili: hati huonyesha kwamba fedha zimetoka mkononi mwa mfanyakazi, haionyeshi kwamba zimefika Mfukoni. Zamani za NPF, mfuko wa akiba ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, mtu alilipwa akiba yake kwa mkupuo. Sheria ya mwaka 1997 iliyounda NSSF ilileta pensheni ya kila mwezi, na pensheni ya uzeeni yadai michango ya miezi 180. Mchuma chai wa msimu, achangiaye miezi 8 kwa mwaka, huhitaji miaka 22 na nusu kuifikia. Mtu huyo hana mwezi wa kupoteza. Hatusemi kila mwajiri ni mwizi. Wengi hulipa kwa wakati. Ila yule akataye asipeleke amemnyang'anya mwenzake uzee wake, naye mwenyewe hajui mpaka nguvu zimekwisha.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tunzeni hati zenu. Nendeni nazo ofisi ya NSSF, Mbeya au Iringa, mwombe taarifa ya michango, mkailinganishe mwezi kwa mwezi. Viongozi wa matawi ya Chama wawasindikize wasiojua kusoma. Yafaa kuanza na mwaka uliopita, maana vitabu vyake bado vi mezani kwa karani.