Linux Ipi, Bwana?

Kijana anayeanza akiuliza atumie Linux ipi, na mwenziwe akadakia, "Yoyote tu, zote ni moja," damu hunichemka. Jibu hilo nimelisikia kwa karibu miaka ishirini, na aghalabu hutolewa na mtu mwenye kompyuta mpya na intaneti isiyokatika. Kwake yeye ni kweli zote ni moja: akikosea leo, kesho atapakua nyingine.

Sikatai kwamba kiini ni kimoja, kile ambacho Linus Torvalds alikianzisha huko Helsinki mwaka 1991. Lakini nani kati yetu anatumia kiini kitupu? Tunatumia kiini kilichofungashwa na watu wengine pamoja na maelfu ya programu, na wafungashaji hao ndio waamuao kipi kiingie, kipi kitolewe, na lini mashine yako ihesabiwe kuwa imekufa. Unapochagua Linux unawachagua watu hao.

Mimi nilianza na Ubuntu mwaka 2006. CD ilinifikia kwa posta kutoka ng'ambo ndani ya bahasha, bila kutozwa hata senti. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikuwa ameizindua mwaka 2004, na mpango ule wa kugawa CD bure ulidumu hadi 2011. Jina lenyewe sisi hatukuhitaji kutafsiriwa, kwani ni utu. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta nane za mtumba, kila moja na kumbukumbu ya megabaiti 256, na zote zikawaka. Tulishangilia.

Wiki ya pili wanafunzi wakataka kusikiliza MP3. Programu ya kazi hiyo haikuwamo kwenye CD kwa sababu ya hataza za Marekani. Maelekezo yakasema ipakuliwe. Ipakuliwe kwa waya gani? Kebo ya SEACOM ilikuwa bado kufika pwani yetu, ilifika 2009. Nikapanda basi hadi mjini na flashi mfukoni, nikalipia saa nzima kwenye kafe ya intaneti, nikarudi na faili langu. Likanijibu kwamba linataka faili la pili. Nikaenda tena. La pili likataka la tatu. Safari tatu, nauli ya mfukoni mwangu, ili watoto wasikie wimbo mmoja! Simlaumu mtu, maana ujinga ulikuwa wangu: sikujua kuuliza tangu mwanzo kama Linux ile ilifungashwa kwa ajili ya mtu asiye na waya.

Baadaye rafiki akaniazima rundo la DVD za Debian, toleo la 2007. Zaidi ya vifurushi 18,000 vilikuwa humo, na mashine ikihitaji kimojawapo inakuambia tu uingize diski fulani. Siku moja ya Jumamosi nikazimaliza kompyuta zote nane, mlango umefungwa, bila intaneti. Wale wa "yoyote tu" na wanieleze umoja wa vitu viwili hivi uko wapi.

Tena kuna suala la nani mwenye kauli. Watu waliojenga seva zao juu ya CentOS 8 mwaka 2019 walitarajia itunzwe hadi 2029. Desemba 2020 wakatangaziwa kwamba mwisho ni Desemba 2021. Kampuni ndiyo iliyokuwa na rungu, ikaamua. Ubuntu nayo, katika toleo la Oktoba 2012, ilianza kuyapeleka maneno unayotafuta ndani ya kompyuta yako kwenye seva zake ili ikuletee bidhaa za Amazon, na ilikuwa hivyo bila wewe kuomba, hadi 2016. Nililipenda jina lile la utu, na ndiyo maana jambo hilo liliniudhi kuliko lingefanywa na wengine. Debian huamua mambo mazito kwa kura za waundaji wake. Kura hiyo mimi sina, lakini naweza kuusoma mjadala mzima kabla ya kuumia.

Nisije nikaonekana mpiga debe. Debian imenitesa pia. Kwa miaka mingi kisakinishi chake kiliacha nje vidude vya kuendeshea kadi nyingi za waya hewa, eti si programu huru, na mtu asiye na kebo akabaki kuduwaa mbele ya skrini. Walipiga kura mwaka 2022, na dawa ikaja na Debian 12 mwaka 2023. Na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Kompyuta kama zile zangu nane zimefungiwa nje na watu niliowasifu muda si mrefu, na sababu zao nimezisoma, na bado nanung'unika.

Juzi kijana mwingine kaja na laptop ya biti 32 aliyorithi kwa shangazi yake. Alikotoka ameambiwa aweke yoyote. Nimempa Debian 12, ambayo marekebisho yake ya usalama yamepangwa kuendelea hadi Juni 2028, nikamwambia mwezi huo aje tuzungumze tena.