Msimuulize Bibi "Unanijua Mimi Nani?"

BARAZANI na Zaina Mbwana

Mgeni akifika kumjulia hali mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, hata kiti hajakikalia vizuri, atauliza: "Bibi, unanijua mimi nani?" Bibi atamtazama, atatabasamu kwa haya, atataja jina la mdogo wake aliyekwisha kufariki. Waliopo watacheka, au mmoja atainuka kwenda kulia jikoni. Kisha anaingia mgeni wa pili na swali lilelile. Nimeyaona haya Tanga na nimeyaona Moshi, na leo nasema bila kumung'unya maneno: tuache. Tunampa mtu mtihani tukijua hauwezi, tena mbele za watu.

Daktari Mjerumani Alois Alzheimer naye aliuliza maswali ya namna hiyo. Mwaka 1901 alimpokea hospitalini Frankfurt mama wa miaka 51, Auguste Deter. Alipomuuliza jina la mumewe, mama yule alijibu kwa kutaja jina lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake, akakuta umesinyaa, una mabaki ya protini na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Ndiyo asili ya jina la ugonjwa wa Alzheimer. Daktari aliuliza kwa sababu alikuwa anatafuta ugonjwa. Sisi tunaouliza sebuleni tunatafuta nini?

Kwa kawaida ugonjwa huanza kwenye sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana bibi atakusimulia harusi yake ya miaka sitini iliyopita, na nani alipika pilau, lakini chai aliyoinywa saa hii haimo kichwani. Jambo hili dogo limevunja nyumba nyingi. Bibi amekula wali na samaki, vidole bado vinanuka samaki, jirani anapita na bibi anamwambia: "Mwanangu, tangu asubuhi sijatia kitu kinywani." Hasemi uongo. Kwake yeye chakula kile hakikuliwa. Lakini habari inafika kwa wifi, inafika kwa mashemeji Dar es Salaam, na jioni simu zinapigwa kwamba mkwe anamtesa mama kwa njaa. Kesho yake kanga mpya imepotea, bibi mwenyewe aliificha chini ya godoro akasahau, na sasa mkwe huyohuyo ni mwizi.

Na hayo ni mepesi. Mzee huyu hutoka usiku akitafuta nyumba ya wazazi wake, akakutwa uani kwa watu, nguo imemvuka, hawezi kueleza amefikaje. Sote tunajua kitakachosemwa: mchawi kaanguka na ungo. Oktoba 2021, huko Kisii nchini Kenya, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwetu Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kutupikia sisi. Katika nchi zenye hukumu za namna hii, mzee anayepotea njia usiku hana budi kuwa na watu wanaojua anaumwa nini, na balozi wa mtaa naye ajue.

Wala tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, wapatao 6 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa aina moja au nyingine. Alzheimer ndiyo aina iliyoenea zaidi duniani.

Mpelekeni mzee hospitali kabla ya kumpachika jina la ugonjwa. Aliyekuwa mzima juzi na leo anaweweseka huenda ana maambukizi ya mkojo, au dawa zimemdhuru. Upungufu wa vitamini, hitilafu ya tezi ya shingo na huzuni kubwa navyo huleta usahaulifu, na vina tiba. Mwingine hasikii tu, nasi tunasema hana kumbukumbu. Alzheimer yenyewe haijapata dawa ya kuiponya. Zipo za kupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa sisi tulio chini ya miaka sitini, kudhibiti presha na sukari, kuacha sigara na kutibu masikio mapema hupunguza hatari.

Sasa niseme la adabu. Mtu anayemsahau mwanawe bado anaitikia "Marahaba" ukimwamkia, kwa sauti ya heshima yake ileile, kwa sababu kilichorudiwa maisha yote hukawia kufutika. Basi mwanzieni hapo. Ingia, mwamkie, jitambulishe mwenyewe: "Shikamoo bibi. Mimi Fatuma, mjukuu wako wa kwa Salimu, nimekuja kukusalimia." Akikuita kwa jina la dada yake, itika. Akisema anamsubiri mama yake, usimwambie mama yako alikufa zamani, maana utampa msiba mpya kila siku. Muulize mama yake alikuwa anapika nini. Wengi wanajua kasida au nyimbo za kanisani mwanzo hadi mwisho hata baada ya kusahau majina ya watoto. Kule Hai watafiti waliwakusanya wagonjwa katika vikundi vya mazungumzo na shughuli za kuchangamsha akili, na wagonjwa wakaonyesha nafuu.

Lakini mgeni huondoka. Anayebaki ni mmoja, mara nyingi binti ambaye hakuolewa au aliyeachika, ambaye familia imeamua bila kikao kwamba hana kazi nyingine. Ndiye anayemwogesha mama, anayefunga mlango kwa komeo la juu, anayelala jicho moja wazi. Ndugu wanatuma pesa kwa simu, na nawashukuru, pesa ya nepi na dawa si ndogo. Ila pesa hailindi mlango saa nane usiku. Kaeni kikao mgawane zamu kwa majina na tarehe. Aliye Mwanza achukue likizo yake aje wiki mbili, aliye Muscat vilevile, na wakifika wasianze kumkagua dada yao. Wachukue funguo, wamwambie akalale.