Kwenda Porini Bure

Ukimwambia mtu wa Lubumbashi kwamba Jumapili ulikwenda porini pamoja na watoto, atakuuliza: kufuata nini? Makala? Bowa? Mna shamba huko? Ukijibu kwamba mlikwenda kutembea tu, mkapanda kilima, mkaona miti, mkarudi nyumbani, atakutazama kwa huruma kidogo. Kwetu pori lina kazi zake. Mtu huenda huko kuchoma makala, kulima, kuokota uyoga wakati wa mvua, au kuchimba mawe yenye shaba. Mwenye pesa naye hufika kwa gari mpaka kando ya ziwa, huketi kwenye kiti cha plastiki, hula samaki wa kuchoma, na kurudi kabla ya giza bila viatu vyake kugusa majani. Mimi nasema kwenda bure kuna maana, na sisi tunaosoma lugha tunakuhitaji kuliko wanafunzi wa vitivo vingine.

Tazameni kitenzi chenyewe, kutembea. Katika Kiswahili cha hapa, mtu "aliyeenda kutembea" amekwenda kuwaona watu. Mtoto "anayetembeatembea" ni mtoto aliyeanza kuharibika. Kiswahili sanifu kinatupa neno matembezi, lakini ni nani umemsikia akilitamka sokoni? Kutoka nyumbani kwa miguu, na watoto mbele, bila mgonjwa wa kutazama wala mzigo wa kubeba: jambo hilo hatuna namna nyepesi ya kulisema, na nadhani hatuna kwa sababu hatulifanyi.

Mji wetu una historia ya kueleza hali hiyo. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na Kiswahili chetu kilikomaa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, katika nyumba za wazungu ambamo maboyi walipika na kufua, na mitaani. Ndiyo maana ni lugha hodari sana ya mji. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya watu waliofanya kazi majumbani, na akaiita "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville. Jina lile linanifurahisha kila ninapoliona. Alijua kwamba kuandika mji ni kuandika maneno yake. Pori linalotuzunguka bado linangoja mtu wa kuliandika hivyo.

Na pori hilo lina jina ambalo dunia nzima imelichukua kwetu. Kuanzia Angola mpaka Tanzania na Msumbiji, wataalamu wa misitu, wawe wanaandika kwa Kifaransa au Kiingereza, wanaandika miombo. Neno la Kibantu, lenye kiambishi chake cha wingi cha mi-, limeingia katika vitabu vya sayansi bila kutafsiriwa. Lakini mwulize mwanafunzi aliyezaliwa Kenya au Katuba akuonyeshe muombo mmoja. Atakuonyesha mwembe.

Mti wa porini ambao kila mtu mjini alijua kuutaja ni mukula, na tuliujua kwa sababu ulipata bei: karibu mwaka 2016 na 2017 magari makubwa yalikuwa yakipeleka magogo yake mekundu upande wa Zambia. Masuku nayo tunayajua kwa sababu yanauzwa barabarani. Kisichouzwa hakina jina. François Malaisse, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka mingi, alitoa mwaka 1997 kitabu kinene kuhusu vyakula vinavyopatikana katika pori hili: matunda, uyoga, viwavi, asali, mizizi. Majina ya kienyeji yamo. Alielezwa na watu waliokuwa wakitembea humo. Wajukuu wa watu hao leo wamo ndani ya lupango, lango limefungwa, wanatazama simu, na kambo anapowatajia mubanga au mulombwa wanadhani ni majina ya watu.

Ndiyo sababu nasema watoto waende, na waende kwa miguu. Jina la mti haliingii kichwani kwa orodha. Linaingia siku mtoto anapokwaruza gamba la mulombwa na kuona utomvu mwekundu kama damu ukitoka. Kuna vichuguu vikubwa kuzunguka mji wetu, vingine vinapita urefu wa nyumba, na mtoto aliyepanda kimoja hatasahau neno kichuguu. Udongo huohuo ndio uliofyatuliwa matofali ya nyumba anayolala. Halafu kuna vilima vya shaba. Unatembea ndani ya miti, ghafla miti inakoma, mbele yako ni kilima cha nyasi na maua madogo ya zambarau. Hakuna aliyekata miti pale: shaba ni nyingi mno udongoni, mizizi ya miti haiivumilii. Ua moja la huko, Haumaniastrum katangense, wazungu waliliita ua la shaba, na watafuta madini walilifuata kama alama. Mtoto wa Katanga anasikia neno shaba kila siku ya maisha yake. Kuliona likiandikwa kwa maua ni kitu kingine. Vilima vya namna hiyo vinapungua, maana ndivyo vinavyochimbwa kwanza. Kwa watoto wengi wa mjini mlima pekee ni ule wa takataka za kiwanda, chini ya bomba la moshi la Gécamines, nao unaliwa polepole kwa sababu ndani yake kuna kobalti.

Jambo hili halingoji. Kila asubuhi baiskeli zinaingia mjini na magunia ya makala marefu kuliko anayezisukuma. (Mwalimu anapotuambia tuandike "makala", nusu ya darasa inaona jiko la mama yake.) Siwalaumu wachomaji, umeme unapokatika, bukari inapikwa kwa nini? Lakini miti inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na matembezi ambayo kambo angeyafanya nyuma ya nyumba yake, sisi tunahitaji basi kwanza.

Najua mtakayosema. Pori lina nyoka. Lina nyasi ndefu mpaka moto upite. Sehemu kubwa ni makonsesioni ya madini, kuna walinzi, na mlinzi hapendi kuelezwa kwamba mnaangalia maua. Yote hayo ni kweli, na hili la mwisho ndilo linaloniudhi: tunaambiwa nchi ni yetu, lakini familia haina mahali pa kukanyaga bila kuulizwa karatasi. Pingamizi ninalolikataa ni lile la heshima, kwamba kutembea kwa miguu ni kwa maskini. Mama anayetoka shamba na kuni kichwani anajua majina thelathini ambayo sisi wenye diploma ya isimu hatuyajui. Yeye ndiye angekuwa mwalimu wetu siku hiyo.

Basi nipendekeze jambo dogo. Mada zetu za utafiti huzunguka soko, nyimbo, teksi na matangazo. Tuongeze matembezi, mara moja kwa mwezi, wakati wa likizo hata mara mbili, na yasiwe ya wanafunzi peke yao: kila mmoja aje na mdogo wake, mtoto wake, au kambo wake kama miguu bado inamtii. Juni na Julai asubuhi ni baridi na njia ni kavu. Septemba miombo inatoa majani mapya mekundu hata kabla ya mvua, na hapo hata mvivu atanyamaza. Desemba ni ya bowa, lakini hakuna kuweka mdomoni uyoga ambao mzee hajautaja kwa jina. Kilomita tatu zinatosha kwa mtoto wa miaka sita. Mmoja wetu aende siku chache kabla kumsalimu chifu wa kijiji na kuomba njia. Tuchukue daftari lenye safu tano, Kiswahili, Kilamba, Kisanga, Kibemba na Kiluba, na tumwachie mtoto kalamu. Akiandika vibaya tutasahihisha jioni. Viatu vifunike vidole, na maji yawe mengi kuliko mnavyofikiri.