Chipu Haziponyi Algoriti Mbovu

Mwandishi mmoja aliyedai kuwa dawa ya ukaguzi wa pakiti za data mtandaoni unaokwama ni kununua chipu zenye nguvu zaidi amekosea, na kosa lake ni la gharama. Tarehe 2 Julai 2019, Cloudflare, kampuni yenye mashine tele, iliongeza kanuni moja kwenye mfumo wake wa kukagua maombi ya wavuti. Ruwaza ya kusaka maandishi iliyokuwamo katika kanuni hiyo ilirudi nyuma na kujaribu upya kila ilipokwama, hadi ikazilemea prosesa za kampuni hiyo duniani kote. Tovuti nyingi zikaanguka kwa karibu nusu saa. Chipu hazikupungua; njia ya kusaka ndiyo iliyokuwa mbovu.

Tiba ilikuwepo zamani. Mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha namna ya kufuata njia zote za ruwaza kwa pamoja, bila kurudi nyuma. Mwaka 1975 Alfred Aho na Margaret Corasick walikusanya maneno mengi katika mashine moja inayoyasaka yote kwa kupitia matini mara moja tu.

Chipu bora zina kazi yake, lakini haziokoi algoriti mbovu. Tuwafundishe wahandisi wetu algoriti kwanza, ununuzi ufuate.