AJALI HII INA KINGA

Asubuhi na jioni, barabara ya Morogoro itokayo Dar es Salaam hujaa mabasi ya mikoani, malori yenye shehena za Zambia na Kongo, na motokaa za watu waendao kazini au warudio majumbani kwao Kibaha na Mlandizi. Hata penye mwendo mkali, madereva wengi huliandama gari la mbele kana kwamba wamefungwa nalo kamba. Ukiwauliza sababu, hujibu kwamba barabara ni ndogo, na kwamba ukiacha nafasi mwingine ataingia. Jawabu hilo si la kipumbavu, lastahili kupimwa.

Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kila sekunde. Tangu dereva aione hatari hadi mguu wake ukanyage breki, sekunde moja au zaidi imekwisha kupita. Basi lililo meta 10 nyuma ya lori, lori hilo likigonga kitu na kusimama ghafula, litalifikia kabla breki hazijashika. Kwa hiyo walimu wa udereva katika nchi nyingi hufundisha sekunde mbili: gari la mbele likipita mti, wewe usiufikie kabla sekunde mbili hazijatimia. Kwa mwendo huo ni meta 44, na wakati wa mvua ziongezwe maradufu.

Hatuwafichi wasomaji kwamba usalama huu una gharama. Magari yenye urefu wa meta 5, yakienda kilometa 72 kwa saa na kuachana sekunde mbili, njia moja hupitisha 1,600 kwa saa. Yakiachana sekunde moja, hesabu ya karatasini yasema 2,880. Lakini barabara si karatasi. Wataalamu wa Japani, katika jaribio walilolitangaza mwaka 2008, waliyazungusha magari 22 katika duara la meta 230. Hapakuwa na taa, wala njia panda, wala ajali. Hata hivyo foleni ilizuka yenyewe. Mmoja akipunguza kidogo, wa nyuma yake hupunguza zaidi, na mwishowe wa mbali husimama kabisa. Na wakigongana wawili, njia hufungwa, na faida yote ya kubanana hupotea.

Basi nafasi itapatikana wapi? Ndani ya magari yenyewe. Motokaa 1,600 zenye watu wawili wawili huchukua watu 3,200. Mabasi marefu 32, yenye abiria mia mia, huwachukua watu idadi ile ile, nayo yatapita moja kila dakika mbili hivi bila kusukumana. Hiyo ndiyo maana ya njia ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2016, na ya treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kwenda Morogoro mwaka 2024. Lakini basi lisilofika kwa wakati humrudisha mfanyakazi katika foleni. Wenye dhamana wasilisahau hilo.

Wenye magari nao wasikie. Dereva ni mfanyakazi. Ampangiaye hesabu ya siku isiyofikika bila kukimbizana ndiye amkanyagiaye mafuta. Si haki dereva ashitakiwe peke yake, na aliyemtuma akae barazani akihesabu fedha. Vyama vya wafanyakazi visidai mshahara tu. Vidai na ratiba ambayo mtu aweza kuitimiza na kurudi nyumbani salama.

Wapo wasemao ajali haina kinga. Hii inayo, nayo ni sekunde mbili, ambazo hazinunuliwi dukani wala haziombwi serikalini. Ndugu dereva, yule aingiaye katika nafasi uliyoiacha amekuchelewesha sekunde mbili tu. Mwache apite, kisha uiache nyingine.